Nukta za Kijani Zilizohama kwenye Skrini ya Fundi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, Jumatano tarehe 11 Machi, kuanzia saa nne asubuhi

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Mtaani anajulikana kama Mama Baridi.
Umri: miaka 44
Kazi: utengenezaji wa friji, pamoja na mume wake
Makazi: mtaa wa nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba yenye baraza
Uhusiano na mtuhumiwa: alikuwa mwanafunzi wake

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa mimi, nami nimekubali. Afande anayeandika ameniomba nieleze mambo yalivyofuatana na nisitie hasira. Nimemwambia kufuatana yatafuatana, hasira nitajitahidi.

Mume wangu ni fundi wa friji na watu wote humwita Fundi, hata mimi. Tunafanya kazi pamoja kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga. Yeye anafungua, anachomelea na kujaza gesi. Mimi napokea wateja na kubishana bei, na ninayo kazi nyingine ambayo hadi Ijumaa iliyopita hakuna aliyeijua. Fundi hatofautishi kijani na nyekundu. Amezaliwa hivyo. Kwake zote mbili ni rangi moja tu, anasema ni kama chai iliyozidi maziwa. Kwa hiyo kabla hajagusa nyaya za friji yoyote, mimi nazizungushia tepu nyeusi ya umeme: waya wa kijani pete moja, mwekundu pete mbili. Tumefanya hivyo miaka kumi na moja na hatujaunguza friji ya mtu. Mteja akiuliza tunamwambia ni utaratibu wa kazi. Fundi aliogopa kwamba watu wakijua, hakuna atakayemletea hata pasi. Jambo hili nalitaja kwa ruhusa yake. Nimemuuliza pale kwenye benchi la nje kabla sijaingia, akasema, "Wewe sema tu."

Tulikuwa na akiba ya miaka mitatu. Ilikuwa ya kupangia chumba chenye mlango wa barabarani, tutoke barazani. Mvua ikinyesha tunafunika friji za watu kwa turubai na sisi wenyewe tunalowa. Mwenye chumba, mama mmoja mjane asiye na maneno mengi, alikuwa ametupa hadi katikati ya Machi, baada ya hapo anampa mtu mwingine.

Mtuhumiwa, ambaye sisi wanafunzi tulimwita Profesa, nilimfahamu mwezi Januari. Alileta friji ndogo ya darasani kwake, ghorofa ya kwanza juu ya duka la viatu, ambako alikuwa akifundisha biashara ya fedha za kigeni. Fundi alipoirudisha akakuta somo linaendelea, akasimama mlangoni na bisibisi mkononi mpaka likaisha. Alirudi nyumbani uso umechangamka. Jumamosi tarehe 17 Januari akaniaga anakwenda darasani. Mwanamume wa miaka arobaini na nane akichana nywele Jumamosi mchana kwenda shule, mke mwenye akili timamu anamfuata. Nikamfuata, nikakaa kiti cha nyuma, na mimi nikanogewa.

Nimtendee haki Profesa: kufundisha anajua. Alitueleza kwamba bei ya fedha moja dhidi ya nyingine ni mstari unaopanda na kushuka, na viashiria ni vipimo vya kukusaidia kujua mstari huo una mwelekeo gani. Kuna wastani. Unachukua bei za siku ishirini, unapata wastani wake, kesho unaacha ya zamani na kuingiza mpya, na ukiunganisha unapata mstari mtulivu usiobabaishwa na purukushani za siku moja. Ukiuweka pamoja na ule wa siku hamsini, wa siku ishirini ukimkata mwenzake kwenda juu, huenda mwelekeo umegeuka kupanda. Kuna pia kipimo cha nguvu, kutoka sifuri hadi mia. Kikivuka sabini, wanunuzi wamekimbia sana na huenda wamechoka. Kikishuka chini ya thelathini, huenda waliochoka ni wauzaji. Neno "huenda" alilitaja kila mara. Wastani, alisema, siku zote unachelewa, kwa sababu umetengenezwa na bei zilizokwisha kupita. Hapo nikamwamini. Kitu kinachokiri kwamba kinachelewa, unajua namna ya kuishi nacho.

Fundi alielewa haraka kuliko mimi. Alisema hata friji huwezi kuipima kwa joto la dakika moja, unakaa nayo uone linaelekea wapi. Tulinunua skrini iliyotumika, tukaiweka barazani karibu na meza ya vifaa, na jioni tulikuwa tukikaa wawili tunaangalia mistari kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Naeleza haya ili ijulikane kwamba tulikuwa na furaha.

Tarehe 7 Februari Profesa alituonyesha kiashiria alichosema amekibuni yeye. Hicho hakikuwa na "huenda". Juu ya mstari wa bei zilikuwa zinatokea nukta, zote za ukubwa mmoja: ya kijani ni kununua, nyekundu ni kuuza. Akafungua chati za miezi iliyopita. Kila bonde lina nukta ya kijani chini kabisa, kila kilele kina nukta nyekundu juu kabisa, hata moja haijakosea. Darasa zima lilishika kichwa, naye akatugawia sote tukiweke kwenye chati zetu za nyumbani. Naomba iandikwe kwamba darasa lilikuwa Jumamosi, na Jumamosi soko la fedha limefungwa. Kwa hiyo siku zote tulikuwa tunaangalia yaliyokwisha, hatukuwahi kukaa naye kuangalia yanayotokea.

Shida ya Fundi ni kwamba nukta zote kwake zilikuwa chai ya maziwa. Tukafanya kama tunavyofanya kazini. Nilizima kitufe kinachoifanya chati ijisogeze yenyewe, maana tepu haiwezi kukimbizana na chati, na kila nukta ilipotokea nilibandika kipande chembamba cha tepu kwenye kioo, chini yake tu nisiifunike. Kijani kipande kimoja, nyekundu viwili. Fundi akishaona, ananunua au anauza kwenye akaunti ya mazoezi, ambayo fedha yake ni ya kuigiza tu, kisha mimi nabandua tepu tunaanza upya. Hapa ndipo tulipokosea, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wangekosea hivi. Tulikuwa tunabandua ushahidi kila siku kwa mikono yetu.

Wiki mbili zile Fundi alipata hasara kila mara. Jumamosi tarehe 21 Februari alimpelekea Profesa tatizo lake. Profesa akafungua chati mbele ya wote, akaonyesha kwa kidole.

"Nukta ya kununua iko pale bondeni. Wewe umenunua huku juu. Ulikuwa unaangalia nini, Fundi?"

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mimi nilijua Fundi anawaza macho yake, na roho iliniuma, kwa sababu mbele ya watu hakuweza kulisema hilo. Siku hiyohiyo, kabla hatujaondoka, nilimwona kwa macho yangu mwanafunzi mwenzetu, muuguzi wa zahanati, akimkabidhi Profesa bahasha ya fedha za kile Profesa alichokiita akaunti ya pamoja, ambapo yeye ndiye angefanya biashara kwa niaba ya wote. Wengine walichanga pia, ila sikuwaona wakitoa.

Tulipofika nyumbani Fundi aliniuliza, "Mama watoto, tepu unaibandika palepale?"

"Palepale."

"Labda ilikuwa nyekundu."

"Ilikuwa kijani, Fundi. Kijani ya majani mabichi."

"Sasa mbona..."

Nikamwambia amalizie mwenyewe, mimi nina sufuria jikoni.

Tangu siku hiyo alianza kukagua tepu zangu hata kwenye friji za watu. Alikuwa anachukua mita, anapima waya mmoja baada ya mwingine, nami nimesimama hapo nimeshika mkasi kama mgeni. Miaka kumi na moja hakuwahi kunikagua. Iliniuma kuliko tusi. Tulikuwa tunazungumza mambo ya friji tu, na friji zenyewe zilikuwa chache wiki hiyo.

Jumatano tarehe 4 Machi aliniambia ameamua. Kwa kuwa yeye hawezi kuzisoma nukta, na mimi labda nachoka macho, akiba yetu ataipeleka kwenye akaunti ya pamoja, Profesa atusomee. Michango ingepokelewa Ijumaa saa nane mchana. Nikamuuliza, na chumba? Akasema chumba tutapata kizuri zaidi baada ya miezi mitatu. Nikamwambia mama mjane hangoji miezi mitatu. Akasema, "Basi unataka nifanye nini, nioteshe macho mengine?" Hakuwa amewahi kunijibu hivyo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi tarehe 5 Machi, saa tatu kasoro asubuhi, Fundi aliondoka kwenda kutengeneza chumba cha baridi cha muuza nyama. Mimi nilikaa mbele ya skrini. Sikukaa kumchunguza Profesa, nisijipe sifa nisizostahili. Nilikaa kwa hasira. Nilitaka mume wangu akirudi akute tepu zote mahali nilipozibandika, athibitishe kwamba ninajua kazi yangu, kisha aniombe radhi. Kwa hiyo siku hiyo sikubandua hata moja.

Nukta ya kijani ilitokea kabla ya saa nne. Nikabandika tepu. Mstari ukaendelea kushuka. Nilipogeuka kumjibu mteja aliyeuliza bei ya mpira wa mlango na kurudi, tepu ipo, juu yake hakuna nukta. Nukta ilikuwa chini zaidi, kwenye bonde jipya. Nikaenda kunawa uso. Niliporudi nikabandika tepu ya pili. Mstari ukashuka tena, na safari hii sikupepesa: ile nukta ilizimika mbele ya macho yangu, ikawaka chini yake, kwenye bei mpya. Nilibandika ya tatu, ya nne, nikaacha kuhesabu. Mteja wa mpira aliondoka bila kuhudumiwa na namwomba radhi hapa. Kufikia alasiri mstari uligeuka kupanda, nukta ikatulia chini kabisa ya bonde, peke yake, imependeza kama kwenye chati za darasani. Nyuma yake, kwenye mteremko, tepu zangu zilikuwa zimesimama ngazi kwa ngazi bila kitu juu yake. Mtu aliyefungua chati ile jioni bila tepu angeapa kwamba kiashiria kilijua tangu mwanzo.

Fundi alirudi saa kumi na moja. Nilitamani kumrukia kwa maneno, lakini nilimwambia tu aje aangalie. Rangi haoni, ila nukta ipo au haipo anaona sawa na mtu yeyote.

"Juu ya tepu hii kuna nukta?"

"Hakuna."

"Hii je?"

"Hakuna."

Alipiga magoti akazikagua zote kwa kidole, moja baada ya nyingine. Aliuliza kama chati ilisogea, nikamwonyesha kitufe kimezimwa. Aliuliza kama zote zilikuwa kijani, nikamwambia zote. Akakaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye friji ya mtu.

"Kwa hiyo si macho yangu," alisema.

Nikamwambia si macho yako. Akasema, "Wala si tepu zako." Nikamwambia hilo nilikuwa nalingoja tangu tarehe 21 Februari. Akaniomba radhi vizuri, kwa maneno kamili, na mimi nililia tena, ila safari hii mbele yake.

Ijumaa tarehe 6 Machi, saa nane mchana, tulikwenda darasani. Fundi aliibeba skrini mwenyewe, tepu zikiwa bado kwenye kioo, na mimi nilikuwa na picha za simu. Kulikuwa na wanafunzi kama kumi na watano. Fundi aliweka skrini mezani, akaeleza tulichokiona. Profesa hakukasirika. Alitabasamu, akawageukia watu.

"Jamani, nani anayebandika tepu kwenye skrini? Wameziweka wanavyotaka ili wanichafulie jina. Fundi, hebu waeleze wenzako, hizi tepu ni za nini?"

Lilikuwa swali la haki, ndiyo maana lilikuwa baya. Mbele yetu alikaa dereva wa lori la maji, ambaye friji yake ilikuwa kwetu imefunguliwa nusu, na wateja wetu wengine wawili. Nilitaka kujibu mimi, ulimi ninao. Fundi akanishika mkono.

"Ni za kwangu," akasema. "Mimi sitofautishi kijani na nyekundu. Tangu nizaliwe. Mke wangu ndiye ananiwekea alama, kwenye skrini hii na kwenye friji zenu zote."

Nilimwona dereva wa lori akimtazama Fundi usoni, kisha mikononi. Profesa akacheka.

"Mmesikia wenyewe. Asiyeona rangi ndiye amekuja kunisahihisha rangi."

Hapo muuguzi akasimama. Ni mama mtaratibu, nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake darasani.

"Mimi rangi naziona zote, Profesa, na nukta zangu zilihama vilevile. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nilikwenda kupimwa macho. Hii miwani nimenunua kwa ajili ya nukta zako." Kisha akasema, "Leo ni Ijumaa. Soko liko wazi. Fungua chati tukae."

Profesa alisema mtandao ni mbaya. Dereva akampa wa kwake kwa simu. Chati ilipofunguka, Fundi alitoa tepu mfukoni akampa muuguzi, naye akabandika kipande chini ya nukta ya kijani. Tukakaa. Hakuna aliyekwenda hata kunywa maji. Profesa alizungumza mfululizo mambo ya benki kuu na habari za dunia, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Baada ya kama nusu saa mstari ulishuka. Nukta ikazimika, ikawaka chini yake.

Dereva alisema polepole, "Imehama."

"Imejirekebisha," Profesa akasema.

"Na hela zetu zimejirekebishia wapi?"

Afande ameniuliza kama mtuhumiwa alipigwa au kushikwa kwa nguvu. Hakuguswa. Muuguzi alisema twende kituoni, na tukashuka ngazi pamoja naye, tukatembea kwa miguu hadi hapa. Njiani Profesa alimwambia Fundi kwamba kiashiria hicho alikinunua kwa mtu, hakujua kinajichora upya. Kama ni kweli au si kweli, hilo ni la upelelezi. Mimi nasema tu kwamba wanafunzi walikuwa wanamwambia wanapata hasara, naye aliwajibu wameingia sokoni vibaya.

Afande amenifahamisha kwamba akaunti ya pamoja imezuiwa na sehemu kubwa ya michango bado imo. Nimefurahi sana kwa ajili ya muuguzi na wenzake. Wao wamekubaliana waendelee kukutana Jumamosi, bila nukta, wakitumia wastani na kipimo cha nguvu tu, kwa fedha ya mazoezi. Fundi wamemchagua awe mwenyekiti. Amekataa kwa mdomo, ila shati tayari amelipiga pasi.

Jumatatu tarehe 9 Machi asubuhi tulimlipa mama mjane, akatupa ufunguo, tukaanza kuhamia. Siku hiyo niliamka nikiwa na hofu. Nilijua dereva wa lori atakuja kuchukua friji yake, nilijua labda na wengine watafuata, na habari kama ile huwa haihitaji gari. Dereva alikuja kweli. Aliuliza, "Imepona?" Nikasema bado. Akasema basi anaiacha, na akaniachia na feni.

Kisha saa tano hivi alikuja mwanamume ambaye sikumfahamu, mtu mzima, hana friji wala feni. Ni fundi nguo, anashona sare za shule mtaa wa pili. Alizungukazunguka mbele ya mlango mpaka nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kuzungumza na Fundi, kama ana nafasi, si jambo kubwa. Fundi alitoka anafuta mikono. Yule mtu akatazama barabarani kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba nyuzi zote huchaguliwa na binti yake, tangu akiwa mdogo, na hakuna anayejua. Binti amepata chuo, anaondoka wiki ijayo. Amesikia habari za Ijumaa. Hakujua kwamba kuna mtu mwingine.

Fundi alivuta kiti, kiti cha kwanza tulichoingiza kwenye chumba kipya, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu ukae, ndugu yangu," akasema. "Mama Baridi, niletee tepu."

Walikaa hadi mchana, na nilimsikia mume wangu akicheka.

Niliyoyaona, kuyasikia na kuyafanya katika jambo hili ndiyo hayo. Nimesomewa, nimeomba palipoandikwa "mshale" pasomeke "nukta", pamerekebishwa, na sina la kuongeza. Natia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa sita na robo mchana. Kielelezo kilichopokelewa: skrini moja iliyotumika, yenye vipande vya tepu nyeusi kwenye kioo. Kwa ombi la shahidi, lebo ya kielelezo imebandikwa nyuma. Mume wa shahidi, aliyekuwa akisubiri nje, ameitwa kutoa maelezo yake. Kabla sijamuuliza jina, amesema niandike kwanza kuhusu macho.